Wimbo na Mzaha Mbele ya Msiba: Somo Kutoka Uhuru Park

Dominika, tarehe 7 Julai 2024, maelfu ya vijana walikusanyika katika bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi, kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Palikuwa na muziki, vichekesho na hotuba. Wapo waliohoji: je, yafaa kucheza na kucheka wakati familia zingali zinalia? Swali hili si la kupuuzwa, kwa maana linagusa heshima tunayowapa marehemu.

Tukumbuke kwanza yaliyotangulia. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na askari wakafyatua risasi za moto. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imeorodhesha vifo 39. Tarehe ya tamasha nayo ina uzito wake: ni Saba Saba, siku ambayo mwaka 1990 Wakenya waliitikia wito wa kukusanyika Kamukunji kudai mfumo wa vyama vingi, nao wakakabiliwa kwa nguvu.

Sisi Watanzania tunao ufunguo wa kulielewa jambo hili, nao ni utani. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Msibani mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, wala hakuna anayemkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, anayeteka maji na kupika. Haki yake ya kutania inatokana na utumishi wake. Anayekuja kucheka tu, kisha akaondoka, huyo si mtani.

Siku chache kabla ya matukio hayo ya Nairobi, tarehe 14 Juni 2024, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea mjini Vatikano wachekeshaji zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali. Aliwatia moyo akisema kwamba kicheko chaweza kufichua matumizi mabaya ya madaraka na kuwapa sauti waliosahauliwa. Kwa mtazamo huo, mzaha wa kweli hauwadharau wanyonge. Huwanyima wenye nguvu kinga ya hofu. Ndiyo maana palipo na woga mkubwa, mchekeshaji huwa miongoni mwa watu wa kwanza kunyamazishwa.

Kwa kipimo hicho cha utani, vijana wa Nairobi hawakuwa wageni msibani. Walikuwa wamechangishana fedha kwa njia ya simu ili kugharimia matibabu ya majeruhi na mazishi ya waliouawa. Walikwisha kushika jembe kabla ya kushika kipaza sauti.

Hata hivyo, tamasha lina hatari yake. Wimbo huweza kuituliza hasira bila kuiondoa sababu yake, na majina ya marehemu yakabaki kuwa maneno ya kupamba fulana. Mama aliyempoteza mwanawe hahitaji jukwaa pekee. Anahitaji uchunguzi huru, mahakama inayosikiliza na mhusika anayewajibishwa. Mafundisho ya Jamii ya Kanisa hayatenganishi faraja na haki: kumfariji mfiwa huku ukinyamazia chanzo cha kifo ni huruma nusu.

Somo hili linatuhusu nasi pia. Parokia zetu huandaa mikesha ya nyimbo, maigizo na mafundisho kwa vijana, na ni vema. Lakini vijana wanapotaja kwa sauti kinachowaumiza, tusikimbilie kuwaambia wanyamaze. Mtume Paulo anatutaka tushiriki furaha na machozi ya wengine (rej. Rum 12:15). Kushiriki huko kuendelee baada ya vipaza sauti kuzimwa: kuitembelea familia iliyofiwa, kuisindikiza polisi na mahakamani, na kuwaombea marehemu kwa majina yao katika Misa Takatifu.