Tunasoma, Shida Ni Vile Mnatuuzia

Wasee, nimechoka kusikia wachapishaji na waandishi wakilia eti vijana hawasomi. Ingia group za WhatsApp hapa Komarock uone vile PDF za riwaya zinatembea kushinda meme. Huo ni wizi, na mwandishi hapati hata bob. Lakini huyo mwizi amewashinda kwa jambo moja: ameleta kitabu mahali msomaji yuko. Nyinyi mnataka tupande mat mbili hadi maonyesho ya vitabu pale Sarit, Westlands, nauli imalize pesa ya kitabu kabla tufike.

M-Pesa iko tangu 2007. Skiza ilikuwa inatukata 1.50 kwa siku ndio anayetupigia asikie wimbo, na tulilipa. Sasa mbona kitabu pepe cha Mkenya, ukikipata, mara nyingi kinataka kadi ya benki, ama bei inakaribia ya karatasi? Hakuna wino hapo, hakuna lori. Najua mhariri na mchoraji wa jalada lazima walipwe. Sawa, weka mia au mia mbili, tulipe kwa till.

Waandishi, nanyi msijifiche. Kitabu cha karatasi kwa kawaida hukupa asilimia 10 hadi 15. Amazon hulipa 35 au 70 kwa kitabu pepe, kulingana na bei na nchi aliko mnunuzi. Kabla usaini mkataba, uliza haki za dijitali ni za nani na zitatumika lini. Zikilala kwa droo ya mchapishaji, kitabu chako kitasambazwa na wenye PDF peke yao.

Halafu kuna hii dharau ya kuita mtu "mwandishi wa mtandaoni" kama ni tusi. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002 kwa kazi iliyotoka kwenye jarida la intaneti, na mwaka uliofuata Kwani? ikazaliwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bado kuna watu wanapima mwandishi kwa uzito wa karatasi!

Mchapishaji, kabla useme tena hatusomi, tuwekee kitabu kimoja kizuri kwa simu, bei ya chips, halafu uhesabu mauzo. Na sisi wasomaji tukiwekewa, tulipe. Hapo anayetuma PDF ya bure hatakuwa na kisingizio.