Wimbo wa Mtu na Wakili Wake

Juzi baada ya Alasiri binti wa dada yangu alinijia barazani na makaratasi ya vyuo viwili vya Marekani, Berklee wa Boston na Belmont wa Nashville. Ataka kusomea biashara ya muziki, kisha awe wakili wa wasanii. “Mjomba, kipi bora?”

Nilimwambia swali si hilo. Marekani sheria haiwi shahada ya kwanza. Mtu humaliza kwanza miaka 4 ya shahada yoyote, muziki au hesabu, ndipo aingie chuo cha sheria miaka 3, kisha mtihani wa mawakili. Miaka 7 ya karo ya dola! Na leseni ya New York pekee haimsimamishi mtu mbele ya hakimu wa Mombasa. Hapa Kenya atokaye sekondari huingia sheria moja kwa moja, miaka 4, kisha Kenya School of Law na miezi 6 chini ya wakili mzoefu.

Wazazi wenzangu msidhani naidharau kazi yenyewe. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi “Mbube” mwaka 1939, na haki zake, yasemekana, zikaenda kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia. Mwenyewe akafa fukara mwaka 1962. Binti zake walilipwa baada ya mapatano ya mwaka 2006, pale wakili Owen Dean alipofukua sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha hakimiliki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Nami mashairi yangu mawili nimeyasikia yakiimbwa harusini, kanda zikiuzwa. Senti sijaiona, wala jina langu.

Basi nikamshauri asome sheria hapa. Kila chuo akiulize: hakimiliki yafundishwa, au imetajwa kwenye kijitabu tu? Mwalimu wake amewahi kuandika mkataba wa mwanamuziki? Ng’ambo ataendea shahada ya pili, mwaka mmoja, akijua anachokifuata.

Baba yake ndiye mwenye neno. Asema muziki si kazi ya binti wa Kiislamu. Nilimjibu: “Shemeji, juu ya muziki wanazuoni wamehitilafiana. Juu ya kumla mtu jasho lake, nani kahitilafiana?”

Alinyamaza, akaomba apewe hadi Ijumaa.