Tangazo la sekunde 15 linakula bando la nani? Hesabu ya subira ya mtazamaji wa Simiyu

Mtu wa Bariadi akifungua wimbo YouTube na tangazo likatangulia, analipa mara mbili. Kwanza analipa kwa muda wake, kama mtazamaji mwingine yeyote duniani. Halafu analipa kwa bando lake, maana tangazo nalo ni video, na video haiingii kwenye simu bila kula MB.

Hayo malipo ya pili ndiyo yanayosahaulika kila inapojadiliwa subira ya watazamaji. Wenye biashara ya matangazo huuliza mtu atavumilia sekunde ngapi. Kwa mtazamaji wa Somanda au Lagangabilili swali ni jingine: MB ngapi, na kwa nini zitoke kwangu?

Wakati wa redio halikuwepo swali hilo. Tangazo la sabuni au la mbegu lilipita katikati ya salamu na wewe hukukatwa kitu. Betri zingeisha vilevile. Aliyetangaza ndiye aliyelipia kipindi, na msikilizaji alichangia masikio tu. Kwenye simu mambo yamegeuka. Mwenye tangazo anailipa kampuni ya mtandao, lakini nauli ya kulifikisha tangazo hilo mpaka mkononi mwako unatoa wewe.

Tupige hesabu kidogo

Video ya ubora wa kati, ile ya 480p, hula takriban MB 8 kwa dakika. Matangazo mawili ya sekunde 15 yakifuatana ni nusu dakika, yaani kama MB 4. Wimbo wenyewe ukiwa wa dakika 4 ni MB 32. Kwa hiyo katika kila MB 9 zilizokatwa, moja imekwenda kwa tangazo.

Iweke kwa hela. TCRA iliweka mipaka ya bei ya data za vifurushi, MB moja kati ya Sh2.03 na Sh9.35. Nusu dakika hiyo ya matangazo basi ni kati ya Sh8 na Sh37, kutegemea umenunua kifurushi gani. Au iangalie hivi: ukiweka vocha ya Sh1,000 na kuimaliza yote kwa nyimbo zinazotanguliwa na matangazo ya namna hiyo, Sh111 umewalipia watu ambao hukuwaita.

Ni kweli siyo kila wimbo unakuja na matangazo mawili. Mengi yanarukika baada ya sekunde 5, utaratibu ambao YouTube ilianza nao mwaka 2010. Na mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kuanzia 2018 ingeachana na matangazo ya sekunde 30 yasiyorukika, kwa sababu watu walikuwa wameyachoka. Ila hata ukiruka, simu huwa imeshavuta kipande cha mbele cha tangazo ili lisikwame, na kipande hicho hakirudishwi kwenye salio.

Kuna watakaosema Sh37 ni hela ya kupuuza. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kelele za wateja zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali iliagiza zisitishwe. Watanzania wanazihesabu MB. Na katika mkoa ambao hela nyingi huingia msimu mmoja, pamba inapoanza kununuliwa kuanzia Mei, bando la Januari shamba likiwa linataka palizi halifanani na bando la Julai.

Kiduara na tangazo

Kuna utafiti mmoja unaotajwa sana katika mambo haya. Ramesh Sitaraman wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst na mwenzake S. Shunmuga Krishnan wa kampuni ya Akamai walichambua mamilioni ya video zilizotazamwa mtandaoni, watazamaji wengi wakiwa wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Mwaka 2012 walionyesha kwamba video ikichelewa kufunguka kwa zaidi ya sekunde 2, watu wanaanza kuondoka, na kila sekunde inayoongezeka inawaongeza wanaokimbia kwa karibu asilimia 6.

Mwaka uliofuata wakageukia matangazo. Tangazo lililowekwa katikati ya video lilitazamwa hadi mwisho mara 97 kati ya 100. Lile la mwanzo lilipata 74, la mwishoni 45. Maana yake siyo ngumu. Mtu aliyeshanaswa na hadithi hawezi kuondoka kirahisi, ila aliyepo mlangoni anaweza kugeuza wakati wowote.

Jambo la kuzingatia zaidi katika matokeo yao ni hili: watu walivumilia tangazo kuliko video inayochelewa kufunguka. Tangazo lina mwisho unaojulikana. Kile kiduara kinachozunguka hakikuambii kitaacha lini.

Sasa chukua matokeo hayo uyapeleke kijiji cha ndani huko Meatu au Itilima, mahali ambapo mtandao unashuka ukifika jioni kila mtu ameshika simu. Huko tangazo na kiduara havitengani. Tangazo lenyewe linakwama. Zile sekunde 5 za kusubiri kitufe cha kuruka zinahesabiwa tangazo likiwa linatembea, likisimama nazo zinasimama. Sekunde 5 za Marekani zinaweza kuwa 30 huku. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waswahili hawana subira na matangazo, muulize kwanza alipima wapi na kwa mtandao gani.

Hali ya minara inabadilika, hilo lisemwe. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mtandao ukiimarika kiduara kitapungua, lakini bei ya MB za tangazo haitaguswa na mnara. Tena mtandao wa kasi unaweza kuzidisha ulaji, kwa kuwa simu ikiachwa ijichagulie ubora wa picha, ikiona njia ni nyeupe inapandisha. Aliyekuwa anakula MB 8 kwa dakika anajikuta kwenye 15 au 20 bila kugusa kitu. Ndiyo maana inafaa kuingia kwenye mipangilio ya programu na kuchagua kuokoa data; wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Asiye na subira anaenda wapi?

Hapa ndipo Simiyu inatofautiana na mijadala ya nje. Ulaya aliyechoshwa na matangazo huweka programu ya kuyazuia, au analipia huduma isiyo nayo. Mtazamaji wetu ana njia ya zamani zaidi: anaenda kwenye kibanda cha kuuza nyimbo na memori kadi yake. Kijana mwenye kompyuta anamjazia nyimbo na filamu zilizotafsiriwa, analipwa chake, basi. Hakuna tangazo, hakuna kiduara, na bando linabaki kwa ajili ya WhatsApp. Mwenye memori kadi akifika kijijini, rafiki zake wanarushiana kwa simu bure.

Ni subira gani hiyo unayoweza kuipima kwa mtu ambaye hayupo tena mtandaoni? Takwimu za kampuni zinawahesabu waliobaki. Aliyehamia kwenye memori kadi haonekani kabisa.

Anayeumia ni mwimbaji. Nyimbo za Kisukuma zina wasikilizaji wengi, na majina kama Bhudagala na Nelemi Mbasando yanajulikana nje ya Usukuma pia. Lakini nyuma yao kuna kundi la waimbaji wa ngazi ya wilaya ambao channel zao ni ndogo. Ili YouTube imgawie mtu mapato ya matangazo ya video za kawaida, lazima awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kwa wimbo wa dakika 4, ni watu 60,000 walioutazama mwanzo hadi mwisho. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa Sensa ya 2022 unao watu hao. Shida ni kwamba wengi wao wanausikiliza wimbo kwenye memori kadi, na huko hakuna mita.

Kuna jambo jingine ambalo wasanii wengi hawalijui. Kwa masharti ambayo YouTube iliyaanza Marekani Novemba 2020 na kuyapeleka nchi nyingine 2021, kampuni inaweza kuweka matangazo hata kwenye video ya mtu ambaye hajafikia vigezo vya kugawiwa. Hapo mtazamaji anakatwa MB akidhani anamsaidia ndugu yake wa Maswa, kumbe mwimbaji hapati hata shilingi. Aliyefikia vigezo anapata asilimia 55. Mimi naona hapa ndipo subira inapokosa hata sababu ya kuombwa. Watu huvumilia mengi wakijua fedha inamfikia wanayempenda.

Halafu waliofikia vigezo nao wana kishawishi chao. Video ikifika dakika 8, YouTube inaruhusu matangazo katikati. Nyimbo za Kisukuma hupenda urefu, masimulizi yake hayataki haraka, kwa hiyo kuvuka dakika 8 siyo kazi. Utafiti ule wa 2013 ungemwambia mwimbaji: weka katikati, watu hawaondoki. Ila haukupima mtu anayehesabu MB. Tangazo la kubeti likikatiza beti ambalo watu wamekuwa wakilisubiri, wa Bariadi mjini mwenye bando la mwezi ataguna na kubaki. Mwenye bando la saa 24 atatoka, na safari ijayo ataanzia kibandani.

Nani alipie nauli?

Njia moja ni wazi: mwenye tangazo alipie na MB zake. Siyo ndoto. Mwaka 2014 wateja wa Tigo nchini waliweza kuingia Facebook bila kukatwa data, kwa hiyo kampuni za simu zinajua kuachia huduma fulani bure. Ugumu ni kwamba tangazo na wimbo hutoka kwenye kampuni moja, vyote vikiwa vimefungwa kwa siri njiani, na kampuni ya simu haiwezi kirahisi kusema hii ni MB ya tangazo na hii ni ya wimbo. YouTube yenyewe ingetakiwa kutaka. Sijaona sababu ya kuwafanya watake kwa ajili ya soko ambalo matangazo yake ni ya bei ya chini.

Njia nyingine ipo tayari, na haikusubiri mtandao. Kwenye nyimbo za Kisukuma, mwimbaji humtaja mtu ndani ya wimbo: mfanyabiashara, mfadhili, mwenye mashine, mnunuzi wa pamba. Anamsifu kwa jina, mahali anapopatikana na kazi yake. Wanamuziki wa Kongo wanalo jambo hilohilo, wanaliita mabanga, na wamelifanya kuwa chanzo kikubwa cha mapato. Ukilitazama vizuri, hilo ni tangazo. Lakini hakuna anayetafuta kitufe cha kuliruka, kwa sababu liko kwenye lugha ya wimbo, kwenye mdundo wa wimbo, na haliongezi hata MB moja.

Lina ubaya wake. Anayelipa ndiye anayesifiwa, na siyo kila anayelipa anastahili. Msimu wa uchaguzi unaweza kukuta nusu ya wimbo ni majina ya wagombea. Na msikilizaji haambiwi kwamba jina hilo limelipiwa, wakati tangazo la YouTube angalau limeandikwa kuwa ni tangazo.

Lakini kwa mwimbaji ambaye hajafikisha saa zake 4,000, mwenye duka anayetaka kujulikana analipa leo, kabla wimbo haujapandishwa. Ukishapandishwa hauna mlango wa kufungiwa. Aliyeuchukua kwenye memori kadi pale Lamadi akaupeleka Mwanhuzi amelibeba na jina la duka humo humo, atalisikia kila anapoupiga, na salio lake liko palepale.