Dhahabu inayofika Bukavu: mchimbaji aonyeshwe hesabu ya mchanganyiko

BUKAVU – Mchimbaji anayeshuka kutoka Kamituga na dhahabu yake huwa anajua ina gramu ngapi. Usafi wake hutajiwa na mnunuzi, na usafi ndio unaokata bei. Hapo ndipo raia wengi wa Kivu ya Kusini hupoteza, na mara nyingine hata mwenye mzani hana nia ya kuiba.

Njia ya kizamani, ambayo bado inatumika sana, ni ya maji. Kipande hupimwa hewani, kisha kikining'inia ndani ya maji, na tofauti inaonyesha ujazo wake. Kila sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19,3. Ya madini ya fedha 10,5. Ya shaba karibu 9. Baada ya hapo mnunuzi anasoma jedwali la karati. Lakini jedwali hilo lilitungwa kwa kudhani kwamba dhahabu imechanganyika na metali fulani. Ipi? Ni nadra muuzaji kuambiwa.

Tuchukue kipande cha gramu 100, ndani yake dhahabu 90 na shaba 10. Jedwali likidhani mwenzake dhahabu ni fedha, litasoma dhahabu 86 hivi. Gramu karibu 4 zimeyeyuka kwenye karatasi. (Ikiwa kilichomo ni fedha na jedwali ni la shaba, anayelia ni mnunuzi. Kesi hiyo huwa inagunduliwa haraka zaidi.)

Wengine wanajibu kwamba kuyeyusha kunasafisha. Moto peke yake hauondoi shaba, na metali zilizoyeyuka pamoja hazifuati hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064, shaba kwenye 1085. Mtu angetegemea mchanganyiko wao uwe katikati. Kumbe dhahabu 80 kwa shaba 20 huyeyuka kwenye nyuzi 910 hivi, chini ya zote mbili. Dhahabu na fedha hazina mchezo huo: kiwango hupanda polepole kutoka 962 hadi 1064.

Hii ndiyo kazi ya termodinamiki ya metali zilizoyeyuka. Shaba ikiwa kidogo sana, kila chembe yake imezungukwa na dhahabu tu, na hesabu ni nyepesi. Ikiongezeka, shaba inakutana na shaba mwenzake. Fedha ikiingia, majirani wanakuwa wa aina tatu. Wataalamu huanza na vipimo vya metali mbili mbili, kisha wanatunga kielelezo cha zote pamoja na kukijaribu kwenye tanuru. Mmarekani Larry Kaufman alisaidia kuanzisha hesabu hizo kwa kompyuta, na kitabu chake na Harold Bernstein kilitoka mwaka 1970. Leo programu kama pycalphad inapatikana bure.

Kuna jambo la afya pia. Mahali wanapotumia zebaki, watu hudhani imekwisha yote ikichomwa, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 357. Lakini dhahabu inashikilia zebaki ya mwisho, na mabaki hayo yanatoka baadaye, dhahabu inapoyeyushwa mjini, ndani ya chumba ambamo mwenye kazi anavuta hewa hiyo hiyo.

Mwaka 2023 kampuni ya Primera Gold DRC ilianza kusafirisha kutoka Bukavu dhahabu ya wachimbaji wadogo kwenda Falme za Kiarabu. Ilikuwa hatua dhidi ya magendo. Lakini njia halali ya kutoka nchini haimwambii mchimbaji kilichomo ndani ya kipande chake, na usafishaji ukifanyika ng'ambo, elimu yake inabaki huko huko.

Chuo Kikuu cha Bukavu, UOB, kina masomo ya jiolojia. Mwanafunzi anayejua mwamba unakotoka dhahabu afundishwe pia chungu cha kuyeyushia. CEEC, idara ya serikali inayothibitisha madini ya thamani, ingeweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji tanuru wala kompyuta: kila nyumba ya kununulia dhahabu ibandike ukutani jedwali lake, na juu yake iandikwe limedhani fedha au shaba.