Wakili wa wakimbizi hutoka wapi?

Taarifa za wahamiaji wa Pembe ya Afrika kukamatwa Korogwe, kwenye barabara kuu ya Segera hadi Moshi, tumezisoma hewani mara nyingi. Swali ambalo hatulisikii sana ni hili: nani huwauliza kama yupo kati yao anayekimbia kuuawa?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humpa mwombaji hifadhi siku 7 tangu aingie nchini ajitokeze kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Aliyefichwa ndani ya lori na asiyejua Kiswahili atayajuaje hayo? Hapo ndipo anapohitajika wakili.

Njia ya kufika huko ni ndefu: shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, halafu kuapishwa na Jaji Mkuu. Wakishafika, wengi huchukua kesi za ardhi, mirathi na biashara, maana ndizo zenye malipo. Mkimbizi hana cha kulipa, hivyo wakili wake mara nyingi hutegemea mashirika ya msaada wa kisheria.

Handeni tunaijua thamani ya kazi hiyo. Katika karne ya 19, Wazigua walichukuliwa utumwani hadi bonde la Mto Juba, Somalia. Vita vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia huku, wakapokelewa Mkuyu na baadaye Chogo. Walikuja wakizungumza Kizigua, na wenyeji wakawatambua kuwa ndugu. Hata hivyo, kwa sheria walibaki wakimbizi kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipoanza kuwapa uraia wa tajnisi.

Ikiwa ndugu wa damu na lugha walihitaji karatasi, mgeni asiye na jamaa hapa anahitaji zaidi mtu wa kumwonyesha njia.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao si lazima wawe mawakili. Tunadhani hapo ndipo pa kuanzia kwa vijana wetu: kijana wa Handeni au Korogwe anayejua siku zile 7 anaweza kuuliza swali mapema, kabla mtu hajarudishwa kwenye hatari aliyoikimbia.