Mheshimiwa, Ule Unga Haukuwa Wako

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wanasiasa wetu wameitumia methali hii tangu mwaka wa 2020 hadi ikachakaa, nami naona wakati umefika wa kuwanyang'anya. Uchaguzi wa Agosti 2027 umeanza kunukia, na kila uchaguzi unaponukia picha za zamani hufukuliwa: mheshimiwa amevaa barakoa yenye jina lake, mbele yake pana rundo la pakiti za unga, mkononi ana chupa ya kitakasa mikono iliyobandikwa sura yake, na bibi kizee anapokea kwa mikono miwili. Chini ya picha tunaambiwa kwamba huyu ndiye aliyewakumbuka watu wake wakati wa korona.

Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo. Kugawa unga si kazi tuliyomchagulia mbunge, mali aliyogawa kwa sehemu kubwa haikuwa yake, na shukrani anazotudai leo ni njia ya kutuziba midomo tusimdai hesabu. Rafiki aliyekupa chakula huna haki ya kumuuliza alikitoa wapi. Mtumishi unayemlipa mshahara, hilo ndilo swali la kwanza unalopaswa kumuuliza. Ndiyo maana mheshimiwa anapenda kuitwa rafiki.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 kilitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Machi, kafyu ya usiku ikaanza, na mwanzoni mwa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Kwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, hayo yalikuwa usumbufu. Kwa kibarua wa mjengo, mama mboga, mfua nguo wa kutafuta kazi mlango kwa mlango na mwendeshaji bodaboda, riziki ilikatika siku ile ile. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa nchi hii wamo katika sekta isiyo rasmi. Watu hawa hula jioni walichokipata mchana. Njaa haikuwa jambo la kushangaza, na serikali yoyote yenye takwimu zake yenyewe ingeitabiri.

Katika pengo hilo ndimo walimoingia wagawaji. Tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, umati ulikanyagana Kibera kwenye ofisi za utawala ambako chakula kilikuwa kikigawiwa. Polisi walirusha vitoa machozi, watu wengi wakajeruhiwa. Mwezi huo huo gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kwamba katika vifurushi vya chakula vya maskini zingetiwa chupa ndogo za Hennessy, akidai kwamba pombe hiyo ni kitakasa koo. Watengenezaji wenyewe wa kinywaji hicho walilazimika kutoa taarifa kwamba kukinywa hakumkingi mtu na virusi. Dunia ilicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Kiongozi wa mji wenye mamilioni ya watu alikuwa akitueleza kwa vitendo jinsi anavyouelewa wajibu wake: kutafuta kitu cha kuweka mfukoni mwa maskini, kiwe kitu chochote, mradi jina la mtoaji likumbukwe.

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu la kupuuzwa. Wataniambia kwamba mhadhiri ameshiba, ndiyo maana ana nafasi ya kuhubiri Katiba. Kwamba mtoto anayelia njaa hanyamazishwi kwa kifungu cha sheria. Kwamba yule bibi kizee alikula usiku ule, na hilo latosha. Nakubali kwamba alikula. Sina neno baya kwa jirani aliyemgawia jirani, wala kwa msikiti na kanisa lililofungua ghala lake. Lakini mbunge si jirani tu. Jirani akikupa kilo mbili za unga, ametoa alichonacho. Mbunge anaponipa kilo mbili za unga na kuondoka, ameacha nyuma yake alichonacho peke yake na ambacho jirani hana: kura ndani ya Bunge, mamlaka ya kumwita waziri ajieleze, na kalamu ya kugawa fedha za nchi nzima.

Kifungu cha 95 cha Katiba yetu kinaitaja kazi ya Bunge la Taifa bila mafumbo: kuwakilisha wananchi, kujadili na kutatua masuala yanayowahusu, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kusimamia matumizi yake. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya afya, ya kutokuwa na njaa, ya maji safi na ya hifadhi ya jamii, na kinaitwika Serikali jukumu la kuwapa hifadhi hiyo wasioweza kujikimu. Soma vifungu hivyo viwili pamoja, utaona kazi ya mbunge wakati wa janga ilikuwa nini. Ilikuwa kuhakikisha kwamba haki ya kifungu cha 43 inageuka kuwa fedha, fedha zinageuka kuwa chakula na dawa, na vyote vinamfikia mwenye haki bila kumpigia mtu magoti.

Sasa tuulize yaliyotendeka katika miezi ile ile ya picha za unga.

Mwezi wa Aprili 2020 Bunge lilipitisha sheria ya kupunguza kodi. Wenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato, na kodi ya ongezeko la thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Yalikuwa mema kwa kiasi chake. Lakini msamaha wa kodi ya mshahara humfaa mwenye mshahara. Mama mboga hana hati ya malipo ambayo kodi yake ingepunguzwa. Na hata nafuu ile ya asilimia mbili iliondolewa tarehe 1 Januari 2021, janga likiwa lingali nasi. Ni wabunge wangapi waliorudi katika maeneo yao kueleza sheria hiyo ilimsaidia nani na ikamwacha nani? Kueleza hakuna picha nzuri.

Tarehe 4 Mei 2020, mvua zikinyesha na watu wakiambiwa wakae nyumbani, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya wakazi wa Kariobangi, licha ya kuwapo amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji huo. Nyumbani ambako Serikali iliwataka wakae, Serikali hiyo hiyo ikapabomoa. Kufikia mwanzoni mwa Juni, mamlaka ya IPOA inayosimamia utendakazi wa polisi ilikuwa imeripoti vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Wapo viongozi waliokemea, nami siwanyimi haki yao. Lakini kukemea mbele ya kamera ni jambo moja, na kutumia mamlaka ya Bunge mpaka mtu fulani awajibike ni jambo jingine kabisa.

Kisha ikaja KEMSA, mamlaka ya kununua na kusambaza vifaa vya matibabu. Kashfa hiyo ilifichuliwa na wanahabari, na ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ukatilia shaka ununuzi wa takribani Sh7.8 bilioni, huku bidhaa za mabilioni zikiwa bado zimerundikwa ghalani. Kamati za Bunge ziliitisha vikao baada ya moshi kuonekana na kila mtu. Wakati huo wauguzi na madaktari walikuwa wakililia vifaa vya kujikinga, na Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28 alifariki kwa UVIKO-19 baada ya kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Barakoa zenye majina ya waheshimiwa zilikuwapo tele. Zilizokosekana ni zile za wodini.

Na tusisahau fedha taslimu zilizotolewa kwa familia maskini za Nairobi, Sh1,000 kwa wiki kwa njia ya simu. Huu ulikuwa mpango sahihi kimsingi: hauhitaji foleni, hauhitaji lori, hauhitaji jina la mtu. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilionyesha kwamba katika mitaa minane ya mabanda ya jiji, ni familia zipatazo 29,000 tu kati ya 600,000 zilizofaidika, na kwamba orodha ziliingiliwa na upendeleo wa jamaa na marafiki. Hapo ndipo mwakilishi wa kweli angesimama. Angedai orodha ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya chifu, kila mwenye jina ajulikane na kila aliyeachwa apate pa kulalamikia. Angedai bajeti iongezwe. Hakuna lori la unga ambalo lingefanya hata sehemu ya kumi ya kazi hiyo.

Nimesema mali ile kwa sehemu kubwa haikuwa yake. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, tuliyozoea kuiita CDF, hutengewa na sheria asilimia tano ya mgao wa kila eneo bunge kwa ajili ya dharura. Hiyo ni kodi yetu. Aliyenunua chakula au vifaa kwa fungu hilo kisha akabandika sura yake juu yake, alitupatia chetu akakiita chake. Msaada uliotolewa na kampuni na wahisani ukapitia mikononi mwake nao haukuwa wake. Na aliyetoa mfukoni mwake? Huyo namshukuru kama raia, ila namkumbusha kwamba hisani ya mtu binafsi si rekodi ya utumishi wa umma, kama vile mwalimu anayewanunulia wanafunzi peremende hawezi kuandika peremende mahali pa somo ambalo hakulifundisha.

Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya CDF ya mwaka wa 2013 ilikiuka Katiba, kwa kuwa mtunga sheria na msimamizi wa matumizi hawezi kuwa yeye huyo huyo mtumiaji. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua vivyo hivyo kuhusu sheria iliyoirithi. Wabunge walifanyaje? Mwezi wa Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Tazama bidii hiyo. Tazama umoja huo wa vyama vyote. Kisha uulize kwa nini bidii kama hiyo haikuonekana pale orodha za maskini zilipochakachuliwa.

Wawakilishi wadi wasidhani wamesalimika. Afya ni jukumu la kaunti. Katikati ya mwaka wa 2020 kila kaunti ilitakiwa kuwa na vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti hiyo na ndilo linalomsimamia gavana. Mwakilishi wadi wako alikwenda hospitalini kuvihesabu vitanda hivyo, au alikwenda kupigwa picha akikabidhi madumu ya kunawia mikono mahali pasipo na maji?

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya wa sayansi ya siasa: kazi ya mbunge ni nini? Majibu hayabadiliki: kulipa karo, kuchanga mazishini, kuleta barabara, kusaidia watu. Kusimamia fedha za umma hutajwa na mmoja au wawili, tena kwa kusitasita. Vijana hawa si wajinga. Wamesoma walichofundishwa na wazazi wao, na wazazi wao wamefundishwa na miongo ya wanasiasa wanaojua kwamba mkono mtupu haulambwi. Mpiga kura maskini akimchagua mgawaji, hafanyi upumbavu: amekwisha kuona kwamba haki haifiki kwake, na unga hufika. Lawama yangu haimwendei. Inamwendea yule aliyepewa uwezo wa kuifikisha haki, akaona faida zaidi katika kuichelewesha.

Basi picha za 2020 zitakapoanza kuzagaa, tusizijibu kwa matusi. Tuzijibu kwa maswali, nasi tunayo sheria ya mwaka wa 2016 ya haki ya kupata habari. Mwanafunzi, omba kwa maandishi hesabu ya fungu la dharura la eneo bunge lako kwa mwaka wa fedha wa 2019/2020 na ule uliofuata: kiasi gani, kilinunua nini, kwa nani, kilimfikia nani. Mwanaharakati, tafuta katika kumbukumbu rasmi za Bunge mbunge wako alisema nini kuhusu KEMSA, kuhusu ubomoaji na kuhusu kodi, kisha uzisome hadharani kwenye baraza. Nawe mtumishi wa umma unayezihifadhi orodha hizo kabatini, usisubiri ruhusa ya mheshimiwa: Kifungu cha 35 cha Katiba kimekwisha kukuamuru uzitoe.

Janga jingine litakuja, iwe ni maradhi, ukame au mafuriko. Siku hiyo simtaki mbunge atakayefika kwangu na pakiti ya unga yenye sura yake. Namtaka yule ambaye sitamwona kabisa mlangoni pangu, kwa sababu yuko Bungeni akimbana waziri, na riziki yangu imekwisha kunifikia bila jina la mtu juu yake.