Mbwa wa kuwinda ana gharama

Walikale, mashariki mwa Kongo, na hata kwenye milima jirani ya Masisi, mbwa wa kuwinda huhesabiwa kuwa mali isiyo na gharama: anakula makombo ya bugali na matumbo ya mnyama aliyemkimbiza mwenyewe, kisha nyama inafika nyumbani. Wanyanga, wenyeji wa Walikale, wamewinda na mbwa tangu enzi za mababu, wakimfunga kengele ya mti shingoni, maana mbwa wa asili wa misitu ya Kongo habweki kama wengine na bila kengele hupotea. Utaalamu huo nauheshimu. Hesabu ndiyo ninayoikataa. Gharama ipo, ila anayeilipa si mwindaji.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya wagonjwa wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa huokolewa na chanjo inayodungwa mara kadhaa katika muda wa majuma machache, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea, matibabu hayo hufikia wastani wa dola 108. Ni nani mwenye fedha hizo Walikale? Na hata akizipata, chanjo hiyo lazima ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, katika wilaya yenye barabara za matope ambayo makao yake makuu yalitekwa na waasi wa M23 Machi 2025 na kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Mbwa wa kuwinda ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hafungwi: leo yuko porini, kesho kijiji cha pili, akipigana na mbwa wasiojulikana.

Wapo watakaosema kwamba familia iliyokimbia vita na kupoteza shamba haiwezi kufikiria sindano ya mbwa, na kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali inadaiwa. Kule Pemba, Tanzania, kampeni za kuchanja mbwa zilikomesha ugonjwa huu. Uliporudi mwaka 2016, chanjo ziliukomesha tena kufikia 2018. Pemba ni kisiwa chenye amani, nakubali, lakini hata huko sindano hazikufaa kitu mpaka wenye mbwa walipowaleta. Umaskini nao ndio unaonipa hoja: asiyemudu sindano ya mbwa atamudu vipi chanjo za mtoto aliyeumwa?

Basi wakuu wa vijiji wadai chanjo ya mbwa kila mwaka, na mnunuzi wa mbwa aulize kuhusu chanjo kabla ya bei. Mbwa akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mwenye mbwa alipe.